Kompyuta 13 zimelala na bando halifiki wiki: jibu kwa mwalimu wa Micheweni

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika skuli ya sekondari, wilaya ya Micheweni, Pemba. Miaka mitatu iliyopita wafadhili walituletea kompyuta 24 za mezani. Leo zinazofanya kazi ni 11. Tuna ruta ya laini ya simu ambayo tunaitia bando la GB 40 kila mwezi, lakini siku ya tano limekwisha, na hakuna mwanafunzi aliyefanya kitu cha maana. Kamati ya skuli ina fedha kidogo, inataka kununua kompyuta 3 mpya na kuongeza bando. Mwalimu mkuu anaona bora chumba kifungwe mpaka apatikane fundi wa kutoka Unguja. Mimi nipo katikati. Tufanye nini?

Jibu: Wa alaykumu s-salaam, mwalimu wangu. Umenieleza idadi ya mashine, ukubwa wa bando, fikra ya kamati na fikra ya mwalimu mkuu. Hukunieleza zile 13 zina nini, moja moja. Sikulaumu, kwa sababu karibu kila skuli niliyoingia, Unguja na Pemba, nakutana na neno hilo hilo: "mbovu". Kompyuta isiyowaka kabisa ni mbovu. Inayowaka ikapiga milio ni mbovu. Inayofika katikati ikaganda ni mbovu. Na iliyo nzima, ila waya wake wa kioo umeazimwa ukapelekwa ofisini, nayo ni mbovu. Hayo ni maradhi manne mbalimbali, na dawa ya moja haiponyi jengine.

Kwa hiyo jibu la haraka ni hili. Kamati isinunue kitu mwezi huu. Chumba kisifungwe. Na wewe tafuta daftari gumu la kurasa mia, na kalamu nene ya wino usiofutika.

Ipe kila kompyuta namba, iandike juu ya kasha lake, na ufungue ukurasa wake. Halafu ziwashe moja baada ya moja, na uandike unachokiona na kukisikia, si unachokidhania. Usiandike "diski imekufa". Andika hivi: "Namba 7. Nimebonyeza, taa ya kijani imewaka, feni inazunguka, kioo cheusi, milio mitatu, kimya, milio mitatu tena." Sentensi hiyo moja ina thamani kubwa. Fundi akiisoma akiwa Mjini Unguja anajua aanze kukagua kumbukumbu, ile ramu, na anajua atie nini begini kabla ya kupanda boti. Bila ya hiyo atafika mikono mitupu, atakagua siku nzima, ataandika orodha ya vipuri, atarudi Unguja, na nyinyi mtakuwa mmeshalipa nauli ya safari ya kwanza.

Lakini kwa zile 13 nadhani nyingi hazihitaji fundi wa kuvuka bahari. Wala sizungumzi kwa kukupa moyo tu. Mashine za mezani ni vitu vya kuvumilia, na kwenye visiwa vyetu vinavyoziua ni vitu vichache vinavyojulikana: umeme, unyevu, vumbi na wadudu. Nitaanza na umeme.

Umeme wa Pemba unapita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Kabla ya hapo kisiwa kilikuwa kikitegemea majenereta ya dizeli. Sisi wa Unguja tulipata funzo letu mara mbili kwa waya wetu wa zamani, Mei 2008 tulipokaa kiza karibu mwezi mzima, kisha kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Nilichojifunza miaka ile ni kwamba umeme ukikatika, kompyuta huwa imezimika tu, aghalabu hupona. Kinachoiua ni umeme unaporudi. Ukirudi, mafriji, mafeni na pampu za maji za mtaa mzima zinaanza kuvuta kwa mpigo mmoja. Volti zinaanguka, zinaruka, pengine umeme unakatika tena baada ya nusu dakika na kurudi tena. Kila mruko unaipiga kwanza pawa saplai, lile boksi la chuma ambalo waya wa umeme unaingilia nyuma ya kompyuta.

Basi wekeni utaratibu ambao hauna gharama. Umeme ukikatika, mtu mmoja aliyepangiwa zamu anazima swichi kubwa ya chumba. Umeme ukirudi, mnasubiri dakika kumi kwa saa ya ukutani. Kisha mnawasha safu moja, mnapumzika kidogo, mnawasha ya pili. Zamu hiyo wape wanafunzi, wataishika vizuri kuliko sisi. Kuhusu UPS, vile visanduku vya betri vinavyoishikilia kompyuta umeme unapokatika, zipo skuli ambazo zimezirundika pembeni kwa kudhani zimekufa, kumbe kilichokufa ni betri tu. Betri zile za risasi zilizofungwa, za volti 12, kwa joto letu hudumu miaka miwili au mitatu hivi. Hununuliwa peke yake, hubadilishwa kwa bisibisi moja.

Jambo jengine la umeme ambalo watu hulipita ni waya wa ardhi. Soketi yenye matundu matatu si ushahidi kwamba waya wa tatu umefungwa popote. Ukigusa kasha la chuma la kompyuta ukiwa miguu mitupu na ukahisi ngozi inawashwa, kama sisimizi wanapita chini ya vidole, simamisha kazi. Ita fundi umeme mwenye kibali, apime ardhi ya chumba kizima. Hapo ninaogopea watoto kwanza, mashine baadaye. Na kwa kuwa zenu ni za msaada, tazama nyuma ya kila moja: nyengine zina kiswichi kidogo chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Zilizotoka Marekani huja zikiwa kwenye 115. Ikichomekwa hivyo kwenye umeme wetu wa volti 230, unasikia mlio mmoja na harufu, na imekwisha.

Sasa chukua ile inayowaka bila ya picha, au inayopiga milio. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili mabaki ya umeme yatoke. Itoe nje, barazani, upande usio na upepo mkali. Fungua ubavu wa kasha. Gusa chuma cha kasha kwa mkono kabla ya kugusa kitu chochote cha ndani. Chukua brashi ya kupakia rangi, mpya na kavu, ufagie vumbi kuelekea nje, huku umelizuia feni kwa kidole lisizunguke. Mwaka mmoja, katika skuli moja ya Unguja ambayo sitaitaja, nilifungua mashine iliyoandikwa "imekufa 2 Machi" nikakuta mayai mawili ya mjusi, meupe kama punje za lulu, yametulia pembeni mwa nafasi za kadi, na chini yake mkojo wake umekausha doa la kijani juu ya mistari ya shaba. Kasha lilikosa vile vibati vinavyoziba matundu ya nyuma. Kuanzia siku hiyo, kila kasha ninalolifunga naziba matundu yake, hata kwa kipande cha karatasi ngumu na gundi, ila sizibi pale feni linapopumulia.

Baada ya vumbi, itoe ile ramu. Ni kibao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu, kinashikwa na vishikizo viwili. Kwa hewa yetu ya chumvi meno hayo hupata utando ambao hata macho hayauoni. Chukua raba nyeupe ya mwanafunzi, safi, yasugue taratibu pande zote mbili, yapanguse kwa kitambaa kikavu, kirejeshe kibao mpaka usikie vishikizo vinalia "tak". Washa. Nimeona mashine zilizolala mwaka mzima zikiamka kwa raba. Ikikataa, chukua ramu ya mashine nzima uitie humo. Ikiwaka, umeshajua mgonjwa ni nani. Hivyo hivyo kwa pawa saplai: azima ya namba nzima, ijaribu kwenye namba isiyowaka. Ukikuta juu ya bodi kuu, ile wanayoiita mafundi mazabodi, vikopo vidogo vimevimba vichwa au vimetoa maji ya kahawia, hiyo iandike kuwa ya vipuri na usiisumbukie. Lakini boksi la pawa saplai lenyewe usilifungue kabisa, hata likiwa limechomolewa, kwa sababu ndani yake umeme hubaki.

Mkifanya hivi kwa Jumamosi mbili, wewe na wanafunzi wanne watulivu, utajua zipi zinarudi. Na kwa mbili au tatu zilizokufa kweli kweli, mmepata ramu, feni, waya na pawa saplai za kuzitibu nyengine.

Nije kwenye rai ya mwalimu mkuu. Naielewa. Ana dhamana ya mali, na mali ikipotea ataulizwa yeye. Lakini chumba kilichofungwa Pemba si sanduku kavu la kuhifadhia. Masika yanapoingia, kuanzia Machi mpaka Mei, hewa ndani ya chumba kile inakuwa nzito, kuta zinatoa jasho, na kompyuta iliyo baridi inakusanya unyevu juu ya chuma chake. Inayowashwa hujikausha kwa joto lake yenyewe. Isiyowashwa hupata kutu polepole gizani, na mijusi na sisimizi wanahamia. Mwambie hivi kwa heshima: kila mashine inahitaji kuwashwa angalau saa moja kila wiki, hata likizo, hata Ramadhani. Na yale mafuniko ya plastiki mnayozivisha zikiwa bado za moto yanafungia jasho ndani. Tumieni kitambaa cha pamba. Kanga kuukuu zilizofuliwa zinatosha, na zinapumua. Kama wasiwasi ni wizi, dawa yake ni nondo za madirisha, funguo mbili kwa watu wawili, na daftari la kuingia na kutoka.

Bando sasa. Hapa ndipo fedha zenu zinapomwagika, na nakuomba ufanye jaribio kabla hujaniamini. Siku mtakapotia bando jipya, tazama salio saa 2 asubuhi, liandike. Washa zile kompyuta 11, ziunganishe na mtandao, kisha ufunge mlango usimruhusu mtu kugusa. Saa 3 tazama salio tena. Utakachokikuta kimepungua hakikuliwa na mwanafunzi.

Kimeliwa na mashine zenyewe. Windows ikikuta mtandao inaanza kushusha masasisho yake bila ya kubisha hodi. Sasisho la kila mwezi huwa ni mamia ya MB, na yale makubwa hufika GB 3 au 4. Fanya hesabu na kamati yako mezani: mashine 11, kila moja ikivuta GB 3, ni GB 33, na bando lenu ni 40. Ongeza simu za walimu zilizounganishwa na ruta, ambazo nazo zinapandisha picha mawinguni na kushusha video za makundi ya WhatsApp usiku na mchana. Siku ya tano haishangazi. Na mkinunua kompyuta 3 mpya, zitakuwa midomo mitatu zaidi kwenye sahani hiyo hiyo.

Matengenezo yake ni mambo matatu. Kwanza, kwenye kila mashine, ingia mipangilio ya mtandao, ufungue jina la mtandao wenu, uwashe kipengele kilichoandikwa "Metered connection". Hapo unaiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, nayo itazuia mashusho mengi makubwa. Usisahau kwamba inawekwa kwa kila mtandao. Ukibadilisha jina la Wi-Fi, unaanza upya. Pili, ingia kwenye ruta yenyewe kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari. Imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Utaona orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa. Hesabu. Kama kompyuta ni 11 na orodha ina vifaa 29, umepata jibu. Badilisha neno la siri la Wi-Fi, na pia lile la kuingilia ruta, maana lililotoka kiwandani linajulikana na kila mtu. Maneno hayo yakae kwenye bahasha iliyofungwa, kabatini kwa mwalimu mkuu. Ukutani hapana.

Tatu, masasisho hayaachwi kabisa, kwa sababu ndiyo yanayoziba matundu ya virusi. Chagua siku moja kwa mwezi, siku hiyo izime ile "Metered connection", na kwenye mipangilio ya masasisho ruhusu kompyuta zigawane kupitia mtandao wa ndani. Moja inashusha, nyengine zinachota sehemu kubwa kwake bila ya kugusa bando. Swali litakalokuja baada ya hapo ni umri wa mashine. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kichakataji na chipu ya usalama ambazo kompyuta nyingi za msaada hazina. Kwa hizo ningetia Linux Mint, mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ile nyepesi ya Xfce. Haina malipo, inafanya kazi na ramu ya GB 4 bila ya taabu, na LibreOffice, programu za ofisi zilizomo ndani yake, inafundisha kuandika barua na kupanga jedwali sawasawa. Anza na mashine mbili, uone wanafunzi wanavyoizoea. Kama mtihani wenu unaulizia programu maalumu za Microsoft, bakisha safu moja ya Windows kwa ajili hiyo.

Siku ambayo intaneti "haipo", usikimbilie kuzima na kuwasha ruta. Fuata njia kama unavyofuata mpira wa maji unapotafuta palipokunjika. Jiulize kwanza: ni mashine moja au zote? Kama ni moja, tatizo liko baina yake na ruta: waya umelegea, au taa ndogo kwenye tundu la waya haiwaki. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta imeomba namba na hakuna aliyeijibu. Usihangaike na kivinjari, shughulikia waya au swichi ya mtandao, kile kisanduku chenye matundu kinachokusanya nyaya za kompyuta. Ukiona 192.168, andika ping, amri ya kukiuliza kifaa kama kipo, na anwani ya ruta. Ikijibu, ndani ya chumba mko salama. Kisha ping 8.8.8.8. Ikijibu hiyo na kurasa bado hazifunguki, kilichokwama ni utafsiri wa majina ya tovuti kuwa namba, ile DNS. Isipojibu, ni salio au ni kampuni ya simu. Na ukiona kompyuta moja inakataa kila ukurasa ikidai si salama, tazama tarehe yake. Ikiwa inasema ni 2009, kibetri cha duara kwenye bodi kuu kimekwisha. Kinaitwa CR2032, cha volti 3, na kinauzwa hata kwa mafundi saa.

Wakati mwengine kosa haliko skulini wala kisiwani. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu na Afrika Mashariki nzima ikayumba. Nilipigiwa simu siku ile na walimu waliokwisha kufungua ruta zao kwa bisibisi. Ping ya dakika mbili ingewapumzisha.

Kwa skuli zenye waya kuna ugonjwa mmoja ambao nimeutafuta siku mbili nzima, na nakupa bure. Mtandao wa chumba ulikuwa ukifa kila baada ya somo la alasiri. Ruta nzima, salio lipo, waya wote wazima. Siku ya pili nikakaa mbele ya swichi, nikaona taa zake zote zinapepesa kwa pamoja, haraka, bila ya kupumzika hata mara moja. Nikaufuata waya mmoja wa buluu kwa kidole. Ulitoka tundu la 5, ukazunguka nyuma ya meza, ukarudi tundu la 11 la swichi hiyo hiyo. Mwanafunzi mwenye bidii ya kufagia alikuta kichwa cha waya kimelala chini na akakirejesha mahali alipoona panafaa. Ujumbe ukawa unazunguka humo na kuzaana mpaka swichi ikazidiwa. Nilichomoa kichwa kimoja, na chumba kizima kikarudi. Tangu hapo kila waya nauwekea kibandiko cha namba ncha zote mbili.

Ruta yenu ya Wi-Fi iwekeni juu ukutani, katika chumba hicho hicho cha kompyuta, si kwa mwalimu mkuu. Kuta nene za mawe na chokaa zinaimeza, na hata kuta za matofali ya saruji mbili tatu zinatosha kuidhoofisha. Mkipeleka waya jengo jengine, usizidi mita 100, na ujue kwamba waya wa shaba unaopita nje baina ya majengo unaleta radi ndani. Kwa masafa hayo ni bora waya wa nuru (faiba), au vifaa viwili vya kurushiana mawimbi. Popote waya unapoingia ukutani kutoka nje, uache uning'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda na kuingia, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasiufuate mpaka ndani.

Virusi nitavipitia upesi, kwa sababu vyenu karibu vyote vinaingia kwa mlango mmoja: flashi ya mwalimu anayekuja kuchapisha mtihani. Kirusi kinachogeuza mafaili kuwa njia za mkato hakifuti kitu; kinaficha. Kama flashi imesomeka kuwa E, andika kwenye dirisha la amri attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na mafaili yatajitokeza. Kisha futa zile njia za mkato na uichunguze kwa programu ya kuua virusi. Lililo bora ni kutenga kompyuta moja karibu na mlango, isiyounganishwa na nyengine, na kila flashi ipite hapo kwanza. Yale majengo ya Changuu, kisiwa kidogo karibu na Mjini Unguja, yaliyokusudiwa kuwa jela yaliishia kuwa mahali pa karantini ya homa ya manjano, abiria wakatulia huko kabla ya kuingia mjini. Kompyuta hiyo ya mlangoni iite Changuu. Wanafunzi hawatasahau kazi yake. Na kwenye mashine zote, akaunti ya mwanafunzi isiwe na mamlaka ya kutia programu. Mamlaka hayo yabaki kwenye akaunti yako.

Umesema hakuna mwanafunzi aliyefanya la maana, na hilo ndilo lililonigusa kuliko yote. Tuseme bando limedumu mwezi. GB 40 kwa wanafunzi 300 ni kiasi gani? Ni kama MB 130 kwa kila mmoja, na saa moja ya video ya ubora wa kati huweza kula zaidi ya nusu GB. Hata msimamie vipi, kwa bando la simu hamtaweza kuwapa watoto intaneti ya kutosha. Lakini mnaweza kuwapa maktaba.

Chukua ile kompyuta iliyo bora kati ya 24, itie diski kubwa, uifanye seva ya ndani, yaani kompyuta inayozigawia nyengine mafaili. Kuna programu ya bure iitwayo Kiwix ambayo inabeba Wikipedia nzima bila ya intaneti. Ya Kiingereza pamoja na picha zake inafika kama GB 100. Ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ni ndogo sana kwa ukubwa, inaingia hata kwenye flashi. Kuna na Kolibri, nayo ya bure, iliyotengenezwa makusudi kwa skuli zisizo na mtandao. Humo mnapata masomo ya hisabati na sayansi ya Khan Academy, na mwalimu anaweza kuwapangia wanafunzi somo na kuona nani amefika wapi. Mafaili haya msiyashushe kwa bando lenu. Nenda mahali penye mtandao wa waya wa nuru, na diski ya nje mkononi, shusha usiku kucha, rudi nayo. Baada ya hapo mwanafunzi anafungua kivinjari, anaandika anwani ya seva, na anasoma habari za figo au za Sultani Barghash kwa kasi ambayo hata Mjini hawana, na salio halipungui hata MB moja. Bando linabaki kwa barua pepe, fomu za wizara, na utafiti wa kidato cha nne chini ya uangalizi wako.

Uangalizi wenyewe uanze na meza. Zipange kompyuta kuzunguka kuta, vioo vikitazama katikati, ili ukisimama penye feni unaona vyote kwa kugeuza shingo. Kwenye ruta weka DNS ya familia ya Cloudflare, 1.1.1.3, inayozuia tovuti chafu na zile za virusi. Kijana mjanja atapata njia ya kuipita, hilo nakwambia ukweli, na ndiyo maana nikatanguliza meza.

Fedha za kamati, basi. Kabla ya kompyuta hata moja mpya, nunueni diski za SSD, zile za kasi zisizo na sahani inayozunguka ndani, za GB 120 au 240 kwa zile mashine zinazochukua dakika tano kufunguka. Hakuna kipuri kinachobadilisha kompyuta kuukuu kama hicho. Itafunguka kabla hujamaliza kuita majina. Kisha betri za UPS, vibetri vya CR2032, ramu chache, brashi mbili na diski moja kubwa ya seva. Ikibakia fedha mkataka kuongeza mashine, nunueni laptopu zilizotumika, si za mezani. Kompyuta ya mezani na kioo chake inavuta kama wati 100 hadi 150, laptopu 30 hadi 45. Tofauti hiyo mtaiona kwenye Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, na umeme ukikatika katikati ya somo, laptopu inaendelea.

Fungua zile 13 kabla ya masika. Ukimaliza, niandikie mambo matatu: namba zilizorudi kwa raba na brashi peke yake, salio la saa 2 na la saa 3 siku ya jaribio, na idadi ya vifaa uliyoikuta kwenye orodha ya ruta. Nikishayaona hayo, nitakuandikia barua ya kurasa mbili umpelekee mwalimu mkuu na kamati yake, yenye orodha ya vipuri kwa jina na kwa idadi.